Wimbo wa kanisa zima ni wimbo wa nani?

Kila Ijumaa jioni tunakaa watu watano kuchagua nyimbo za Jumapili: mzee mmoja wa kanisa, mama mmoja wa kwaya, kijana wa kinanda, mwalimu wa watoto, na mimi ninayeandika. Asiyejua atadhani ni kazi ya nusu saa. Sisi inatuchukua mpaka giza linaingia, na mwaka jana mara mbili tuliachana hatusemeshani.

Mwanzoni nilidhani tunagombania mapendeleo. Mzee anataka Nyimbo za Wokovu, kitabu alichovuka nacho ziwa kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kijana anataka mapambio ya kwenye memori kadi, yale ya Dar es Salaam na Nairobi, ambayo betri ya sola ikiwa imejaa watu wanaruka saa nzima. Mwalimu anataka nyimbo fupi za vitendo, za kupiga makofi na kugeuka. Basi tukawa tunagawa kama mgao wa unga: mbili za wazee, mbili za vijana, moja ya watoto, na moja ya Kirundi kwa ajili ya ndugu zetu Warundi. Wengi wao walifika hapa Nyarugusu kuanzia 2015, wakati sisi Wakongo tulianza kuingia 1996.

Kila mtu alipata chake. Lakini angalia kilichotokea. Wakati wa wimbo wa kitabuni vijana wanatoka kwenda kutazama nyaya. Wakati wa pambio wazee wanakaa chini na kufuta miwani. Wimbo wa Kirundi unaimbwa na mabenchi matatu tu. Tuko ndani ya kuta zile zile za tofali za udongo, kumbe ni makanisa manne yanayopokezana zamu.

Shida ya vitabu tuliimaliza haraka. Kitabu ni kimoja, na hata vingekuwa mia, watoto wadogo hawajui kusoma na mabibi hawaoni maandishi. Tukarudi kwenye desturi ya zamani: kiongozi anatamka mstari, watu wote wanaurudia kwa sauti ya wimbo. Hapo mtoto wa miaka mitano na bibi wa miaka themanini wanakuwa sawa. Nilifurahi sana na njia hii. Nitairudia chini, maana ndiyo iliyotuumiza.

Siku moja, baada ya wimbo unaosema sisi ni wasafiri na tunakwenda nyumbani (nyimbo za namna hii ni nyingi, msomaji anazo zake), kijana wa miaka kumi hivi, aliyezaliwa humu kambini, alimuuliza mzee, "Babu, sisi tuko tunaenda wapi?"

Mzee akamjibu, "Mutoto wangu, hii wimbo tuliimbaka hata mbele ya vita. Inasemaka juu ya mbinguni."

Mtoto akafikiri. "Lakini bibi akiiimba analia, na anasema anaona Fizi."

Nilirudi nyumbani na swali lile. Bibi anaposema "nyumbani" anaona mlima, kisima, na kaburi la mume wake. Mtoto anaposema neno hilo hilo anaona nyumba yao ya hapa zoni, maana nyingine hana. Je, anapoimba "sisi" anasema uongo? Na sisi tunaomchagulia nyimbo, tunamfundisha uongo?

Mtakatifu Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini, aliandika katika Maungamo, kitabu cha kumi, kwamba aliogopa pale sauti ya wimbo ilipomgusa kuliko kile kinachoimbwa. Aliona ni kosa. Mtume Paulo naye, katika barua ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 14, anataka mtu aimbe kwa roho na kwa akili pia. Ukilishika hilo kwa ukali, utafika mahali pagumu: kila umri uimbe yake tu. Mtoto aimbe mambo aliyoyaona, bibi aimbe aliyoyaona yeye. Tutarudi kwenye yale makanisa manne.

Mimi sikubali. Paulo huyo huyo anawaambia Warumi walie pamoja na wanaolia. Hakuweka sharti kwamba uwe umefiwa na wewe. Na sisi tunajua jambo hilo bila kufundishwa. Kwenye kilio tunaimba usiku kucha kwa ajili ya marehemu ambaye nusu yetu hatukumfahamu vizuri, na hakuna anayetuita waongo. Tumekuja kumwazima mfiwa kinywa, kwa sababu chake kimechoka. Basi mtoto anapoimba juu ya kisima asichokiona, anamwazima bibi kinywa. Na bibi anaposimama na magoti yake mabovu kugeuka na kupiga makofi, anakirudisha.

Tangu hapo Ijumaa zetu zilibadilika. Tuliacha kuuliza wimbo huu unapendwa na nani. Tukawa tunauliza: Jumapili hii nani anahitaji kuazimwa kinywa, na nani ataweza kumwazima? Wimbo wa Kirundi ukaanza kutamkwa mstari kwa mstari kama mingine, na Wakongo wakauimba wakikosea matamshi, Warundi wanacheka, lakini kanisa zima likaimba. Nilidhani tumefika.

Akina mama wakaleta wimbo wao mpya, wameutunga wenyewe. Ubeti wa kwanza ni usiku wa kukimbia. Wa pili ni ziwa. Wa nne ni watoto waliopotea njiani. Wa tatu unataja waliofanya yale mambo, kwa jina la kabila. Sisi watano tuliusikia mazoezini na tukaupitisha. Mimi niliupitisha kwa sababu sauti yake ilikuwa nzuri mno. Augustino angenicheka.

Jumapili ile kiongozi alitamka mistari, na kanisa likarudia. Ndivyo tulivyoweka jina la kabila lile, kwa mikono yetu wenyewe, katika vinywa vya watoto wote. Benchi la nne alikaa mama wa kabila hilo, mwenzetu katika kukimbia, pamoja na watoto wake wawili. Alisimama, akamshika mdogo mkono, akatoka. Mkubwa, wa miaka kama minane, alibaki anaimba kwa nguvu. Hakuwa amegundua kwamba anayeimbwa ni mama yake.

Ijumaa iliyofuata tulimwita mama aliyeutunga wimbo. Hakuomba msamaha, na mimi sikuona kwamba anadaiwa. Alisema, "Mulinialika nilete wimbo yangu. Sasa mukisikia kilio yangu, munasema ikatwe. Munataka tu ile ya kuwafurahisha."

Neno hilo lilinichoma kwa sababu lina ukweli. Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tunaombwa kwaya, na mara nyingi tunaombwa kwa upole: jamani, kitu cha furaha, kuna wageni. (Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, hatukasiriki, tunajua hamna nia mbaya, na soda ni tamu.) Lakini Zaburi ya 137 inasimulia watu waliopelekwa uhamishoni Babeli wakaombwa hivyo hivyo, waimbe nyimbo za furaha za kwao, nao wakatundika vinubi vyao mitini. Kilio kilichozuiwa kina historia ndefu.

Sasa, zaburi hiyo hiyo inaishia na maneno ya kutisha, ya kuwatakia watoto wachanga wa adui kifo. Kanisa Katoliki, lilipopanga upya sala za kila siku za mapadri na watawa mwaka 1971, liliziacha nje aya hizo za mwisho. Wapo wanaosema si haki kupunguza Maandiko. Nawaelewa: aliyeandika alilia juu ya yale watu wake waliyofanyiwa, na Biblia haikumwonea aibu.

Lakini mimi naona tofauti kati ya mtu anayesema na mtu anayesemeshwa. Mama yule akimwambia Mungu kila kitu, na jina la kabila ndani yake, ni kati yake na Mungu, na sidhani Mungu anaziba masikio. Mtoto anayerudia mstari hajasema kitu. Amebebeshwa. Ukimbebesha kilio, atajua namna ya kukaa na wanaolia. Ukimbebesha laana, laana haikai bure, inatafuta mtu, na Jumatatu asubuhi atampata kwenye dawati la shule. Kwa hiyo kinywa cha mtoto tunaweza kukiazima kwa machozi yetu. Kwa uadui wetu, hapana.

Nilimweleza hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na mimi, hiyo nitaisemea wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Mzee aliangalia chini. Nilikuwa na maneno juu ya maombi ya faragha, nikayaona ni mepesi, nikayaacha.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua, wiki tatu baadaye. Ubeti wa tatu haukufutwa. Ukifika, akina mama wanafunga midomo na kuimba kwa puani, sauti yote iko pale, maneno hayapo. Kiongozi hatamki kitu. Kanisa linasimama na kuguna nao mpaka ubeti uishe, kisha wa nne unaanza.

Mama wa benchi la nne alirudi baada ya wiki sita. Anakaa karibu na mlango siku hizi. Sijui wimbo ukifika pale anawaza nini. Mdomo wake huwa umefungwa kama ya wengine. Mwalimu wa watoto ananiambia watoto wanaupenda ubeti huo kuliko yote, eti kwa sababu hauna maneno ya kukariri. Ijumaa hii uko kwenye orodha tena, namba nne, baada ya pambio.