Mwenye Nyumba na Mgeni

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Ngaramtoni, na kwenye suala la mipaka niko upande wa mwenye nyumba. Oktoba 2025 Marekani ilipoanza kuwadai Watanzania wanaoomba viza ya utalii au biashara dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000, vijana wa kijiwe cha bodaboda walilaani mpaka mate yakawakauka. Nikawauliza: Operesheni Kimbunga ya 2013 mmeisahau? Kule Kagera tuliwatimua Wanyarwanda na Warundi, wengine wakaacha wake na ng'ombe, na wengi wetu tulishangilia. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; hata wahenga waliweka kikomo.

Ila Mambo ya Walawi hunikosesha usingizi. Inataka mgeni apendwe kama mzawa, kwa kuwa Waisraeli nao walikuwa wageni Misri. Komeo halikukatazwa, dharau ndiyo iliyokatazwa. Na Selian, hospitali yetu ya Kilutheri, madaktari wa Kimarekani wamehudumu miaka mingi. Tuliwakaribisha.

Serikali yoyote ina haki ya kukataa mgeni. Kumdhalilisha, hapana. Wachungaji wanaoikemea Washington waanze na Kagera.