Kupotea si Hukumu

Kuna kauli inayorudiwa siku hizi na baadhi ya waandaaji wa maonyesho ya sanaa, nayo ndiyo iliyozua hoja zinazofuata: kwamba mchoro wa kielelezo kilichopotea ni nakala ya kitu kisichokuwapo, na kwa hiyo haustahili nafasi ukutani. Kielelezo ni umbo la nta au udongo ambalo mchongaji hulifinyanga kabla ya kugusa marumaru au kuyeyusha shaba. Wanaodhulumiwa zaidi na kauli hiyo ni wachongaji wa chemchemi za mapambo wa zama za Renesansi, yaani zama za mwamko wa sanaa na elimu barani Ulaya, kwa kuwa vielelezo vyao vingi vimesalia katika michoro ya wengine tu.

Kwamba mchoraji huenda alikosea vipimo, au kwamba karatasi huonyesha upande mmoja wa umbo lililokusudiwa kutazamwa pande zote, ni hoja za haki zinazodai uangalifu. Isiyovumilika ni ile inayojificha nyuma ya methali kwamba chema chajiuza: kielelezo kingekuwa bora, kingechongwa, na kupotea kwake ni hukumu ya historia. Mwaka 1560, mchongaji Baccio Bandinelli alipofariki, wachongaji kadhaa walishindania jiwe la marumaru lililotengwa kwa sanamu ya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, katika chemchemi ya Piazza della Signoria mjini Florence. Giambologna, mzaliwa wa Douai aliyekuwa bado kijana na mgeni, alifinyanga kielelezo chake, lakini mtawala Cosimo I de' Medici akampa kazi Bartolomeo Ammannati, na udongo wa kijana yule ukapotea. Miaka michache tu baadaye Giambologna huyo huyo alikabidhiwa Neptune wa shaba wa Bologna, ambaye angali amesimama. Ikiwa kukataliwa ni ushahidi wa udhaifu, udhaifu huo ulikwenda wapi? Mjini humo humo, sanamu ya shaba ya Papa Julius II, kazi ya Michelangelo iliyosimamishwa mwaka 1508, ilivunjwa mwaka 1511 na shaba yake ikayeyushwa kuwa mzinga. Udongo usiochomwa hupasuka, nta huyeyuka, watawala hubadilika, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopima ubora.

Zaidi ya hayo, chemchemi haikamiliki bila maji. Pale Bologna, maji huruka kutoka katika matiti ambayo nguva wa shaba wameyashika kwa mikono yao, na ngozi ya shaba hung'aa kwa namna ambayo udongo mkavu wa karakana haukuweza kuionyesha. Mchoraji anapoongeza mistari ya maji juu ya umbo alilolikuta likiwa kavu, anaandika kusudio ambalo kielelezo chenyewe hakikuwahi kulitimiza.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu mistari hiyo huenda ni nia ya mchongaji, na huenda ni dhana ya mchoraji peke yake. Sanamu ya Giambologna ya Samsoni akimuua Mfilisti, iliyochongwa kwa ajili ya chemchemi mjini Florence, sasa iko London, ilhali beseni lake liko Aranjuez, Hispania; umoja wa kazi hiyo hauko katika mji wowote kati ya hiyo miwili. Iwapo umoja huo unaweza kukaa katika karatasi, na iwapo karatasi hiyo basi ni ya mchongaji au ya mchoraji, ni mambo yanayohitaji kubishaniwa mbele ya michoro yenyewe, wala hayawezi kubishaniwa ikiwa imefungiwa ghalani.