Jembe na Mshahara

Yasemwa kuwa aachaye jembe akafuata mshahara huuacha na utu wake shamba. Neno hili nimelisikia barazani Mpendae, kwa mzee aliyezaliwa katika mikarafuu. Nalipima kwa adabu, maana uzee hauambiwi mwongo upesi.

Lakini shamba lipi? Mikarafuu ya Unguja ilipandwa kwa mikono ya watumwa, na kabla ya mwaka 1897, sheria ilipoacha kuutambua utumwa, aliyepalilia hakuwa na uhuru wake. Akafuata mchumaji wa msimu, aliyelipwa kwa pishi. Jembe peke yake, basi, halikumpa mtu heshima. Wengi waliionja baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilipogawa mashamba ya eka tatu tatu. Hapo mkulima akawa na miti, na asubuhi ikawa yake.

Eka tatu, hata hivyo, hazizai eka. Watoto sita hawalishwi nazo, wala bei ya karafuu haipangwi na mchumaji. Kumlaumu kijana aliyehamia mjini ni kumlaumu kwa hesabu asiyoiandika yeye.

Waamishi wa Indiana, Marekani, walioufanya ukulima kuwa ngome ya dini yao, nao walipungukiwa na ardhi. Wengi wao sasa huunda nyumba za magurudumu viwandani. Dini hawakuiacha, wazee wao walinung'unikia jambo jingine, kwamba baba hashindi tena na wanawe.

Naona hapa ndipo mzee wetu alipo na haki, ijapokuwa hakulisema hivyo. Shamba mtoto alimwona baba yake akichambua makonyo, akianika karafuu jamvini, akizikimbiza wingu likitanda. Alimwona akikosea na akichoka. Leo baba hupanda daladala kabla ya jua na kurudi baada ya Isha. Mtoto huiona fedha tu. Si kila kazi mpya iko hivyo: mwani ulipoanza kulimwa pwani ya mashariki mwaka 1989, mama alipata fedha yake mwenyewe, na maji yakitoka mtoto aliweza kuwa kando yake.

Nilimwuliza mzee kama mjukuu wake amepata kuiona kazi ya baba yake. Akacheka kidogo.

"Ataionaje, mwanangu? Langoni pana mlinzi."