Alama Nyekundu Ukutani

Nyumba ijengwayo hukua mchana kweupe. Leo mawe yamwagwa, mwezi ujao ukuta umefika madirishani, mwisho bati lang'aa juani. Mtendaji apita, diwani apita, husalimu na kwenda zake. Mwenye nyumba akisha kuhamia na watoto wake, ndipo Halmashauri ifikapo na rangi nyekundu na kuchora X ukutani. Twauliza: je, hiyo ni haki?

Hatusemi kwamba sheria ni mbaya. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yamtaka mtu apate kibali kabla ya kujenga mjini, nayo yaipa Halmashauri uwezo wa kumpa ilani mkosaji. Hata Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, aliamuru ajengaye nyumba mpya aweke ukingo darini, mtu asije akaanguka akafa. Na sisi wa Upare hatuhitaji kufundishwa mbali. Mwezi wa Novemba 2009, huko Goha katika Mamba Miamba, mvua kubwa iliporomosha mlima juu ya nyumba za watu, wakafa zaidi ya 20. Hatusemi marehemu hao walivunja sheria, la hasha. Twasema tu kwamba mlima hausikilizi kesi ya mtu. Halmashauri yetu ya Same ikimkataza mtu kujenga chini ya genge, yamfanyia hisani, japo yeye aona uadui.

Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino afundisha kwamba sheria haina budi kutangazwa kwa wale iwapasao kuitii. Mwaka 2017, kandokando ya barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, nyumba nyingi zilibomolewa toka Kimara kuelekea Kiluvya, na nyumba za ibada pia. Humo walikuwamo watu waliokaa miaka mingi na kuvutiwa umeme. Mtu wa namna hiyo ataaminije kwamba yu mvunja sheria? Aliyenyamaza akiwa na wajibu wa kusema ameshiriki kosa, na haifai mshirika mmoja abaki ofisini huku mwenzake alala nje na wanawe.

Basi deni la kimya hicho lilipwe na nani? Kwa maoni yetu, penye hatari ya kufa mtu na aondoke, lakini Halmashauri imtafutie kwanza mahali pa kujisitiri. Pasipo hatari, ambapo kosa ni la kibali tu, na atozwe faini, makazi yake yarasimishwe. Tena kipimo kiwe kimoja kwa mama muuza ndizi na kwa mwenye ghorofa. Hapo ndipo watu wetu huumia zaidi.

Nasi wa Kanisa tusijifiche. Vigango vyetu vingapi vimejengwa kwa ari ya waamini, harambee na nyimbo, bila mtu hata mmoja kukumbuka kuomba kibali?