Mchumba Si Mwokozi



Tumesoma hadithi iitwayo Hope Harbor, aliyoitunga Irene Hannon wa Marekani mwaka 2015. Katika mji mdogo wa kubuniwa, pwani ya Oregon, Tracy mwenye shamba lililo karibu kupotea akutana na Michael, mgeni atafutaye amani. Wote wawili wachukua mzigo mzito moyoni.

Wazee wengine wasema hadithi za mapenzi huwapoteza vijana. Sisi twasema, ipimeni kila hadithi: je, yamfanya mchumba kuwa mwokozi? Mwanadamu aweza kuokoa shamba la mwenziwe. Kuituliza dhamiri ni kazi ya Kristo peke yake. Basi, ninyi mtakao kuoana, tueni kwanza mizigo yenu msalabani, ndipo mpeane mikono.