MUHALI NA MALI YA DUKA

 Katika tabia zinazosifiwa sana katika miji ya pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa, ni tabia ya kuona muhali. Mtu wa muhali ni yule ambaye akiombwa hawezi kusema sina, na akiwa anadai hawezi kusema nilipe. Watu humpenda, na baraza yake haikosi watu. Suala lililopo ni hili: je, tabia hiyo yabaki kuwa njema pale mwenye nayo akaapo nyuma ya mizani, akiuza mali ambayo si yake peke yake?

Na afikiriwe mtu mmoja wa zama za pishi na kibaba. Baba yake alipofariki alirithi shilingi 800, na umbu lake, yaani dada yake, akarithi 400, kwa kadiri ya sharia. Katika fungu la kaka, 600 zilikwisha kwa arusi na kwa mambo mengine yasiyoandikika. Zikabaki 200. Akamwendea dada yake, akamwambia, "Dada yangu, fedha zikikaa sandukuni hazizai. Nipe nizitie dukani, na faida ya fedha zako tutagawana nusu kwa nusu." Dada akatoa zote 400, akaridhia zichanganywe na zile 200. Habari ya kukopesha watu haikutajwa baina yao, si kwa kukubali wala kwa kukataa.

Duka likafunguliwa karibu na msikiti: mchele, sukari, unga, chumvi, mafuta ya taa, sabuni, viberiti. Mwezi wa kwanza fedha taslimu ziliingia. Mwezi wa pili ukaja ujirani. Huyu ni mtoto wa ami, yule walisoma chuo kimoja, na yule wa tatu ni mzee aliyemshika mkono katika matanga ya baba yake. Kila mmoja alisema, "Nitakuletea Ijumaa," na mwenye duka hakuandika, kwa kuwa kumwandika mtu mbele ya macho yake ni kama kumwambia kwamba haaminiki.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia, wala halikuanzia katika kukopesha. Duka la mji mdogo haliwezi kuishi pasi na kukopesha. Upepo wa kusi ukikaza na bahari ikachafuka, mvuvi hukaa siku nyingi asishushe ngalawa, na watoto wake hawaachi kula. Mwenye duka amkataaye mvuvi katika miezi hiyo, kisha akatumai mvuvi huyo amnunulie bahari itakapotulia, hajui biashara wala hajui ujirani. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Baqara, aya ya 280, ameamrisha kwamba mdeni mwenye dhiki apewe muda mpaka apate nafasi. Walakini mara baada yake, katika aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ameamrisha deni la muda maalumu liandikwe, na mashahidi washuhudishwe, wala watu wasichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Aya hizi mbili ni majirani, na haifai kuisoma moja na kuiruka ya pili. Muda wa kumpa mdeni wahesabiwa vipi na mtu ambaye hajui amkopesha lini, wala kiasi gani?

Tena kuna hisabu ambayo wenye kufungua duka huichelewa. Mchele ulionunuliwa kwa shilingi 10 huuzwa 11. Faida ni shilingi moja. Shehena hiyo ya shilingi 10 ikitoka isirudi malipo yake, duka halikupoteza shilingi moja. Limepoteza 10 za rasilmali, na ili zirudi hapana budi shehena nyingine kumi kama hiyo ziuzwe taslimu, na mwenye duka asile hata senti katika faida yake. Basi mtu mmoja asiyelipa huhitaji watu kumi wanaolipa ili kuziba pengo lake. Mtu yule wa mfano alikuwa akikopesha mmoja katika kila watatu, na akidhani anafanya biashara.

Na akila humo humo. Kitoweo cha jioni kilitoka katika sanduku la duka, na nauli ya mgeni, na sanda ya maiti wa mtaani. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamelieleza jambo hili waziwazi, nalo limo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), kitabu kilichosomeshwa sana katika darasa za pwani. Mwenye kufanya kazi kwa mali ya mtu kwa qiradhi hana ruhusa ya kujilisha katika mali hiyo akiwa mjini, na kwa kauli yenye nguvu hata akiwa safarini. Haki yake ni fungu lake la faida tu. Wala hana ruhusa ya kuuza kwa deni ila kwa idhini ya mwenye mali. Asili ya qiradhi ni kwamba hasara ni ya mwenye mali, na mtenda kazi amepoteza jasho lake. Lakini akivuka mpaka aliowekewa, dhamana yamrudia yeye.

Husimuliwa sana habari ya Abdurrahman bin Auf, alipohamia Madina hana kitu. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimfunga udugu na Saad bin Rabii, naye Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Akaonyeshwa soko la Bani Qaynuqaa, akafanya biashara, akarudi na samli na jibini kavu. Wasimulizi huitaja habari hii kwa kusifu kazi, na ni haki. Lakini kuna neno jingine ndani yake ambalo hupitwa. Saad aligawa mali yake mwenyewe. Ukarimu wake haukuwa na mtu wa tatu aliyenyamaza nyumbani, asiyejua kwamba yeye ndiye anayetoa.

Katika duka lile mtu wa tatu alikuwapo. Kila kibaba kilichotoka kwa muhali, theluthi mbili zake zilikuwa za mwanamke asiyeulizwa. Kaka akasifiwa barazani kuwa ni karimu, na dada hakutajwa. Kama zile zilikuwa sadaka, sadaka hutolewa na mwenye mali kwa nia yake. Na kama zilikuwa deni, mbona hazikuandikwa?

Mwaka ulipotimia, imamu wa msikiti alimwuliza kuhusu zaka. Zaka ya biashara humlazimu mfanyaji kuhesabu bidhaa zake zote kwa bei ya siku ile, na ikifika kiwango hutoa fungu moja katika arobaini. Mtu asiyekusudia kuhesabu kwa ajili ya dunia hulazimika kuhesabu kwa ajili ya akhera, na pengine hiyo ni katika hekima zake. Akafunga mlango siku mbili, akapima na kuhesabu. Bidhaa hazikufika thamani ya shilingi 100. Madeni hakuweza kuyataja. Aliyokumbuka yalikuwa ya watu ishirini na kitu, na baadhi yao aliwakumbuka sura tu.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Hapo akaona jambo ambalo kila mwenye duka wa zamani alijua: kumbe mdeni amekwisha kumkimbia. Mtoto wa ami, kwa haya ya deni la shilingi 6, alikuwa akipita uchochoro wa nyuma na kununua taslimu katika duka la mbali. Muhali uliomzuia huyu kudai ndio uliomzuia yule kuja. Aliogopa kuvunja ujamaa kwa kuandika, na ujamaa ukavunjika kwa kutoandika, na mnunuzi akapotea pamoja nao. Wengine walilipa. Wengine walisema walikwisha kulipa, na huenda walisadiki wanayoyasema, kwani hapakuwa na daftari la kumsahihisha yeyote.

Baada ya hayo watu wema waliingia kati. Wazee watatu wakaenda kwa yule dada, wakakaa barazani, wakamsomea Fatiha, wakasema, "Binti yetu, kaka yako amekwama. Msamehe kwa ajili ya Mungu." Naye, mbele ya wazee wale, akasema, "Nimemsamehe." Wakatoka wakifurahi.

Je, msamaha ule ulimwondolea kaka deni? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), amelichungua jambo hili katika Ihyau: atoaye kwa haya ya watu, na lau angekuwa peke yake asingetoa, basi apokeaye huku akilijua hilo hana halali katika alichopewa; ni kama aliyepora, ila silaha yake ni haya badala ya upanga. Akilipima mtu neno hili ataona lakata pande zote mbili. Walionunua wakijua kwamba mwenye duka hawezi kuwakatalia nao walishika upanga ule ule. Na wale wazee waliubeba mpaka nyumbani kwa mwanamke, kwa nia safi kabisa.

Mwenye duka alilielewa hilo usiku, inasemekana katika mfano huu, alipokumbuka kwamba yeye mwenyewe alisema "haidhuru" mara nyingi kwa sauti ile ile aliyosema nayo dada yake "nimemsamehe."

Akauza mizani na bidhaa zilizobaki, akapata shilingi 100. Akanunua daftari la senti chache. Akaenda baada ya alasiri, peke yake, saa ambayo hapana mgeni barazani.

Dada akasema, "Kaka, si yamekwisha? Wazee walikuja."

Akamjibu, "Wazee walikuja, mimi sikuja. Leo nimekuja kulipa." Akaweka zile 100, akafungua daftari, akaandika mbele ya macho yake: zimebaki 300, kila mwezi shilingi 5, muda wake miaka mitano. Akamtaka aite mashahidi wawili. Dada alinyamaza kitambo, kisha akamwita mtoto akamwagize jirani.