Vijana wa Shasha, Mnangoja Nani Awaite?

Muulize kijana wa Shasha, Sake au Minova akutajie mwigizaji. Atakutajia marehemu Kanumba wa Tanzania, kisha akusimulie filamu zake kana kwamba walikuwa majirani. Sasa muulize Rachel Mwanza ni nani. Wengi watakutazama tu. Na huyu ni Mkongomani mwenzetu! Februari 2012, akiwa bado binti mdogo, alipewa Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Berlin.

Alitoka wapi? Barabarani. Akiwa mtoto alituhumiwa uchawi nyumbani, akatupwa nje, akalala mitaani Kinshasa pamoja na watoto wanaoitwa huko mashege. Sisi Goma tungemwita maibobo na kumfukuza mbele ya duka. Huko mitaani ndiko alikotoka alipochaguliwa na Kim Nguyen, mwongozaji wa Kanada aliyekuwa ameandika hadithi moja kwa miaka kumi. Filamu ikaitwa Rebelle. Rachel akapewa nafasi ya Komona, msichana wa miaka 12 anayetekwa na waasi na kulazimishwa kubeba bunduki. Kwa kuwa Komona anaona mizimu, waasi wanamfanya mchawi wao wa vita.

Hebu fikirini hilo. Neno lililomtoa nyumbani, ndilo alilopewa aliigize. Angeweza kukataa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alilichukua, akalitazama usoni mbele ya kamera.

Kuna watu husema mateso ndiyo yaliyomfanya awe mwigizaji. Mimi sikubali. Maelfu ya watoto walilala kwenye barabara zilezile na hawakupata tuzo yoyote. Njaa haimfundishi mtu kuigiza. Rachel alifanya kazi. Nguyen alipiga filamu kwa mfuatano wa hadithi yenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, na waigizaji hawakupewa maandishi mapema; hawakujua kesho wahusika wao watapatwa na nini. Kwa hiyo hapakuwa na cha kukariri. Ilimbidi asikilize kwa masikio yote, amjibu mwenzake pale pale, na kesho yake arudi tena. Watazameni yeye na Serge Kanyinda, aliyeigiza kijana anayetaka kumwoa. Komona anamwambia: kwanza niletee jogoo mweupe. Kijana wa watu anahangaika kumtafuta jogoo katikati ya vita! Unacheka, kisha unashtuka kwamba umecheka.

Baada ya Berlin zikaja tuzo za Tribeca na Kanada, na mwaka 2013 filamu ikashindania Oscar. Rachel alikuwepo ukumbini Marekani. Lakini msidhani alikaa juu ya zulia jekundu akisubiri kupigwa picha. Wakati wa kupiga filamu hakujua kusoma, na waliotengeneza filamu wakamsaidia kupata makazi na shule. Akaanza na herufi. Mwaka 2014 kikatoka kitabu cha maisha yake, Survivre pour voir ce jour. Filamu zake zinahesabika kwa vidole, na mimi naona hilo si aibu hata kidogo. Nafasi moja uliyoifanya kwa moyo wote inazidi ishirini ulizopita ukiangalia saa.

Sasa turudi kwetu. Najua mtaniambia nini. Vita vilifika Shasha Februari 2024, barabara ya Sake na Minova ikakatika, watu wakakimbia na magodoro kichwani. Nani atawaza filamu? Wewe! Masisi yetu imewajua makadogo, watoto wanaobebeshwa bunduki, muda mrefu kabla Komona hajaandikwa, na bado hadithi zetu husimuliwa na wageni wanaokaa siku chache kisha wanarudi kwao. Petna Ndaliko Katondolo alianzisha kituo cha sanaa cha Yole!Africa, na vijana wengi wa Goma wamejifunza hapo kushika kamera. Hawakuwa watoto wa matajiri.

Ila nawaomba jambo moja kwa ukali: msimlazimishe mwenzenu aliyekuwa msituni aigize kidonda chake ili filamu yenu iwalize watu. Akitaka mwenyewe, sawa, kwa wakati wake. Anzeni na kichekesho. Ugomvi wa bei ya fromaji sokoni. Mama mkwe aliyefika bila taarifa. Dereva wa pikipiki anayeapa kwamba njia ni salama ilhali mwenyewe magoti yanatetemeka. Mambo hayo mnayajua kuliko mwongozaji yeyote wa Kanada.

Wala msingoje kamera kubwa. Simu moja yenye chaji inatosha kuanza. Mkutane watano, dada nao wawemo, tena wasipewe kazi ya kupika tu! Tafuteni mahali penye utulivu na mwanga wa jioni. Wawili waigize, mmoja apige, wawili watazame na kusema ukweli bila kumdhalilisha mtu. Kisha rudieni tukio lile lile mpaka mwenzako akisema neno, ulijibu neno hilo, usijibu lile ulilopanga tangu asubuhi. Asiyejua kusoma aketi karibu na anayejua, waandike pamoja mistari mitatu ya kesho.

Haya, nani anashika simu?